Mwaka Niliochapa Kitenzi cha Kulia

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya duka moja hapa Agincourt, kitongoji chetu cha ughaibuni, nimekumbatia mihogo ya barafu na fungu la mchicha, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mwanangu Abbas. Aliandika kwa Kiingereza, maneno matatu tu, kwamba Shangazi Kulsum amefariki, na chini yake akaweka kile kiuso cha njano kinachodondosha chozi. Nikasoma. Nikasoma tena. Mama aliyekuwa nyuma yangu akanigusa kwa toroli lake nisogee, nikasogea, kisha nikaiweka mihogo juu ya rafu ya peremende na kutoka nje bila kununua kitu. Nilikaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Kifo chenyewe hakikunishtua. Shangazi alikuwa amekula chumvi nyingi, na tangu baridi ianze tulikuwa tunamtazama Mungu tu. Nilishtuka kwa jinsi habari ilivyonifikia. Mwanamke huyu aliweza kunificha kifo cha baba yangu mzazi karibu mwezi mzima, ndani ya nyumba ya vyumba viwili, tukila sahani moja, na leo kifo chake yeye kinanifikia kwa maneno matatu kwenye foleni ya mihogo. Wala sikuwa na wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyewalea wanangu hivyo. Niliwaambia tangu wadogo kwamba katika nyumba yangu msiba haufichwi, mtu aambiwe papo hapo, na kama anataka kuanguka aanguke. Basi wakaniambia.

Mambo ya ukoo, nani alizaliwa na nani pale Tanga na nani alihama lini, nawaachia wanaoyapenda. Kwenye misiba yetu hawakosekani. Itoshe kwamba sisi ni Makhoja wa Kishia, na kwamba Kulsum alikuwa dada wa baba yangu. Kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, angeitwa fui, lakini mimi nilimwita Shangazi tangu nilipojua kusema. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini, nasoma chuo kikuu, nakaa naye Thorncliffe Park, kwenye moja ya yale maghorofa ambayo ukitoka kwenye lifti unajua kwa pua tu nani anapika nini. Alikuwa mjane, karani kwenye ofisi ya bima, mfupi, mkali, mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Mimi nililala sebuleni kwenye kochi la kukunjua, nikiwa nimezungukwa na makabati ya vyombo asivyovitumia, na kila asubuhi nilizinduliwa na harufu ya vitumbua kabla sijafungua macho. Tulikuwa tunagombana kuhusu nywele zangu, kuhusu simu, kuhusu namna ya kukata vitunguu. Nilimpenda kuliko nilivyojua.

Kazi niliipata kwa tangazo lililobandikwa chuoni. Profesa mstaafu alitafuta mtu wa kumchapia kwa taipureta, asiyeogopa herufi ngeni. Mimi nilisoma Kurani kwa Kiarabu na barua za bibi kwa Kigujarati. Herufi ngeni zilikuwa hazinibabaishi. Profesa Orest alikuwa Myukreni, mrefu, mwenye sweta la sufu ambalo sijapata kuona limefuliwa, na alikaa Downsview kwenye nyumba ndogo iliyopakana na ghala la matairi. Mkewe, Bi Olha, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba kweli. Profesa alikuwa kama mpangaji wa chumba cha vitabu. Siku yangu ya kwanza nilipomwambia kwamba siwezi kula supu yake nyekundu ya viazi kwa sababu ya mfupa wa nguruwe, Bi Olha alinitazama kwa huzuni kana kwamba nimemwambia naumwa, na kesho yake nikakuta sufuria mpya, ndogo, haijawahi kuguswa na nguruwe, imewekwa peke yake upande wa pili wa jiko. Ikawa supu yangu, supu ya Zehra. Ole wake Profesa aliyetia kijiko humo.

Alinieleza kazi yake huku akitembea, maana alikuwa hawezi kueleza kitu amekaa. Waslavi, alisema, Warusi na Wayukreni, Wapoland, Wacheki, Waserbia, Wabulgaria na wengineo, hapo kale walisema lugha moja, kabla hawajatawanyika. Lugha hiyo haikuandikwa popote. Wasomi huipata kwa kuwalinganisha watoto wake, jinsi unavyoweza kukisia sura ya bibi aliyekufa zamani kwa kuwakalisha wajukuu wake kwenye benchi moja na kuwatazama pua. Neno likipatikana kwa njia hiyo huwekewa nyota ndogo mbele yake, ndiyo alama ya kukiri kwamba hakuna aliye hai aliyeliona wala kulisikia. Profesa alikuwa anaandika kitabu cha maisha ya vitenzi vyenye nyota, na mwaka ule mzima tulikuwa kwenye kimoja tu. Plakati. Kulia. Watoto wake wote walikuwa wazima, nikawachapa mmoja mmoja kwenye kadi: plakaty wa Kiyukreni, plakat wa Kicheki, płakać wa Kipolandi na ule mkwaju wake juu ya l ulionisumbua sana, plakati wa Kiserbia, na ndugu zao wa Kirusi na Kibulgaria kwa herufi zao. Nilipomwambia kwamba ni ajabu mtu kutumia mwaka kwenye neno moja, alicheka. "Na nyinyi mna nyota zenu," akasema. "Waswahili wanasema lia, Wakikuyu rĩra, Waganda lira, Wazulu lila. Unadhani hao si ndugu? Nyuma yao yuko mama mmoja, naye ana nyota." Sikuwahi kufikiri kwamba neno nililolitumia kila siku lina mama. Nilirudi Thorncliffe nikamwambia Shangazi, akaniuliza kama kwa habari hiyo pia nalipwa.

Halafu ikaja siku aliyonionyesha kilichokuwa nyuma ya nyota. Ilikuwa mchana, theluji inashuka taratibu juu ya matairi ya jirani, na Profesa alikuwa amepanga vitabu vitatu wazi mezani. Kabla plakati halijawa kulia, alisema, mzizi wake ulikuwa kupiga. Walithuania, ambao lugha yao ni binamu wa Kislavi, bado wanasema plakti wakiwa na maana ya kuchapa, kwa fimbo au kwa mjeledi. Warumi walikuwa na plangere, kujipiga kifua kwa msiba, na hilo kwa njia za Kifaransa likaja likawa neno la Kiingereza la kulalamika. Wagiriki kwao likawa pigo na jeraha. "Unaona?" akasema. "Machozi hayamo. Watu wa kale walipofiwa walijipiga, na neno la kujipiga ndilo lililokuja kuwa la kulia. Baadaye machozi yakalichukua neno lote, mkono ukasahaulika." Mimi nina mdomo, hata leo. Nikamwuliza umesahaulika na nani. "Sisi bado tunapiga," nikamwambia. Alisimama. Nikamweleza matam, jinsi katika Muharram tunavyosimama mistari, wanawake kwao na wanaume kwao, tukajipiga vifua kwa kumwomboleza Imam Hussein aliyeuawa Karbala, mikono yote ikitua pamoja mpaka sakafu inatetemeka. Profesa alinitazama kama mtu aliyemkuta babu wa babu yake jikoni anakunywa chai. "Nionyeshe," akasema. Nikaona haya, lakini nikanyosha kiganja na kujipiga kifuani, sawasawa, kama nilivyofundishwa na Shangazi nikiwa mtoto. Mlio ulijaa kile chumba. Bi Olha akaingia mbio na mwiko mkononi akidhani mumewe ameanguka, akatukuta tumesimama tunatazamana, mimi mkono kifuani, yeye ametoa miwani na macho yamemtoka. Baadaye, akinywa maji, Profesa aliniambia kwamba alipokuwa mdogo sana alimwona bibi yake akijipiga hivyo siku aliyofiwa na mtoto, na maisha yake yote alidhani bibi alikuwa anajiadhibu.

Wiki chache baadaye, mitihani ikiwa mlangoni, Shangazi aliniambia presha ya baba imepanda na amelazwa. Alisema akiwa amenipa mgongo, anachambua mchele. Nikataka kupiga simu. Siku hizo simu ya Tanga ilikuwa kazi, mpaka uombe laini na usubiri, na Shangazi akasema ameshapiga yeye, laini mbovu, mama yuko hospitali mchana kutwa, hakuna wa kupokea. Kesho yake baba alikuwa nafuu. Siku nyingine alikuwa hivyo hivyo. Mimi nilisoma, nikachapa, nikasali rakaa zangu za kumwombea shifaa. Alhamisi moja jioni Shangazi akanichukua kwenye hitima, kwenye ukumbi wa shule ambao jamaa zetu walikuwa wakiukodi kabla hawajapata msikiti wao. Marehemu nani, nikauliza. Mzee mmoja wa nyumbani, akasema, humjui. Upande wa wanawake spika ilikuwa haitoi sauti, ikasemwa ni mbovu, kwa hiyo jina la marehemu lilitajwa kwa wanaume peke yao. Baada ya dua nilifunga kitambaa kiunoni nikawagawia watu biriani, maana ndiyo kazi ya wasichana. Wanawake walikuwa wananishika shavu. Mmoja aliyashika maji niliyompa akashindwa kunywa. Mwingine, ambaye hata hatukuwa na mazoea, alinivuta akanibusu kwenye paji la uso, nikaona aibu na kujiuliza kama kuna mtu ananiposea. Nilitembea mle ukumbini nikiwa nacheka na wenzangu, natia mchuzi kwenye sahani za hitima ya baba yangu. Mpaka leo nikifika hapo katika kukumbuka, nalazimika kusimama nitembee chumbani.

Aliyemwaga mtama ni Profesa, na hakujua kama kuna mtama. Shangazi, kwa kunionea huruma, alikwenda Downsview mwenyewe siku niliyokuwa darasani, amebeba kopo la vitafunio vyetu vya chevda, akamwambia Profesa kwamba baba yake Zehra amefariki na msichana ana mitihani, tafadhali asimpe kazi nzito. Hakumwambia anyamaze. Hilo halikumjia akilini, kama vile usivyomwambia mgeni asivue nguo barabarani. Huyu ni mtu mzima, ana mvi, amesoma, ana mke. Kwetu mtu wa namna hiyo akiambiwa habari kama hiyo anaelewa mwenyewe kwamba mtoto bado hajaambiwa, na kwamba ataambiwa na wakubwa wake, akiwa ameketi, ameshiba, kwanza kwa kuambiwa mgonjwa, halafu mgonjwa sana, mpaka siku yake ifike. Profesa naye alielewa kama watu wa kwao wanavyoelewa. Nilipogonga mlango alinifungulia amevaa suti nyeusi na tai. Bi Olha alikuwa nyuma yake, kichwani ana kitambaa cheusi. Wakanishika mikono, mmoja huku mwingine huku. "Zehra," Profesa akasema, "pole sana kwa kufiwa na baba yako." Nikatabasamu. Naikumbuka tabasamu ile kwa sababu ilibaki usoni kwangu muda mrefu nikishindwa kuiondoa. "Hapana, Profesa," nikamsahihisha kwa adabu. "Baba ni mgonjwa tu. Presha. Anaendelea vizuri." Nikamwona anamgeukia mkewe. Nikamwona Bi Olha anaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nilibaki pale pale kwenye zulia la mlangoni, viatu bado vina theluji, na kichwani mwangu kulikuwa na spika ya ukumbini peke yake, nikaelewa kwamba haikuwa mbovu, ilizimwa.

Sikulia. Nilipanda basi mpaka Thorncliffe nikiwa nimeketi wima, na sikumbuki hata kituo kimoja. Shangazi alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. "Baba amekufa?" nikamwuliza kutoka mlangoni. Aligeuka, mwiko mkononi, na jibu lake lilikuwa, "Nani kakwambia?" Hakusema hapana. Hakusema mwanangu kaa. Nani kakwambia. Nikamwambia, Profesa. "Mzungu yule?" akasema, akashtuka kweli kweli, akaliacha jiko likiwaka. "Mtu mzima na mvi zake? Anamwambia mtoto namna hiyo, mlangoni?" Nikamwambia asimguse Profesa, kwamba katika mji mzima huu ni yeye peke yake aliyenitendea kama binadamu. Nikamwambia kila mtu alijua, nimegawa biriani ya baba yangu nikicheka. "Ulikuwa na mtihani," akasema. "Alizikwa siku ile ile, Zehra. Ungefika lini? Ungeacha masomo, ungekuta kaburi." Nikasema ningejua. "Ungejua, halafu?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka jibu. Vitunguu vikaungua. Nilikunja nguo zangu kwenye begi nikamwambia kwamba kuanzia siku hiyo sina shangazi, na yeye alisimama kando ya lifti akinitazama bila kulia, jambo ambalo nililihesabu kuwa ndio ushahidi kwamba hana moyo.

Bi Olha alinipa chumba chake cha cherehani. Nilifanya mitihani, na kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, niliendelea kuchapa. Fikiria ujinga huo: msichana aliyefiwa, macho makavu kama karatasi, anachapa kulia kwa lugha zote za Waslavi, kutwa. Plakaty, plakat, płakać. Profesa alikuwa akipita mlangoni anasita, anaondoka. Alinionea huruma na alijionea haya, na siku moja aliniambia kwamba ameishi na neno lile miaka mingi na hana hata moja la kunisaidia. Simu za Shangazi nilizikataa. Nilikuwa nimeamua. Ningetafuta chumba karibu na chuo, na yule mwanamke ningemsalimia ukumbini kama ninavyowasalimia wengine, basi. Kama isingekuwa Jumapili ile, naamini ningefanya hivyo kweli, kwa maana kichwa changu ni kigumu, na leo ningekuwa nimeishi miaka yote hii bila yeye.

Jumapili hiyo alikuja mwenyewe, amebeba hotipoti, pamoja na Mama Rukia, jirani yetu wa Mombasa aliyekaa ghorofa ya chini yetu. Niliingia chumbani nikarudisha mlango. Ukuta ulikuwa mwembamba, hata kijiko kikigonga kikombe jikoni nilikuwa nasikia. Bi Olha akamimina chai. Yeye na Shangazi kila mmoja alikuwa na Kiingereza chake, na wakazungumza polepole, wakisubiriana. Bi Olha akauliza kaka yako alikuwa anapenda nini. "Ukoko," Shangazi akasema kwa Kiswahili, halafu akahangaika kueleza kwa Kiingereza ule wali unaoshika chini ya sufuria. "Tulikuwa tunagombania sufuria. Hata alipooa. Mkewe alikuwa anacheka." Nikiwa kwenye kiti cha cherehani nilisikia maneno hayo na kuona yananipita tu, habari za watu wengine. Ndipo mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Mama Rukia, akaufunga kwa makalio yake. Alikuwa mwanamke mkubwa asiyejua kunong'ona, lakini siku ile alinong'ona.

"Weye wamnunia nani?" akaniuliza.

"Anajua mwenyewe."

"Babako amekufa, haya, pole, Mungu amrehemu. Na nduguye je? Aliyekufa ni babako peke yako? Si kaka yake yeye, waliyenyonya ziwa moja?"

Nikageukia cherehani.

"Nakuuliza wewe, msomi. Mwezi mzima yule amekupikia, amekuchekea, amekwambia baba yuko nafuu. Alikuwa alia saa ngapi?"

"Sijui."

"Basi mimi najua. Alia kule chini, penye mashine za kufulia. Huteremka na mashuka masafi, yamefuliwa jana, ayatia mashine zote, zikishaanza kunguruma ndipo hujipiga kifua. Wanawake wa jengo zima twajua. Tukimsikia hatuingii. Twarudi na nguo zetu chafu." Akafungua mlango. "Sasa kaa hapo unune."

Sijapata kushtuka namna ile, si siku ya mlangoni kwa Profesa, si siku nyingine yoyote. Habari ya kifo ilinipiga nikiwa nimesimama. Hii ilinitoa kwenye kiti. Kwa wiki zile zote sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba baba yangu alikuwa na dada. Nilijua, bila shaka, nilikuwa namwita Shangazi kutwa kucha, lakini sikuwa nimefikiri. Nilitoka kumtafuta jikoni na kumbe ameshaondoka. Aliona sifungui mlango akaenda zake, ameacha hotipoti. Nilifuata kwa basi la nyuma. Nyumbani hakuwepo, na kabati la mashuka lilikuwa wazi. Nikateremka kwa ngazi, maana lifti ningeisubiri nikafa.

Zile mashine zilisikika kutoka kwenye ukumbi wa chini. Nilisukuma mlango. Alikuwa amesimama katikati, amenipa mgongo, mtandio umeshuka mabegani, na mashine zote zinazunguka povu tupu na mashuka meupe. Kwetu mtu hajipigii maiti wake mwenyewe. Tunampigia aliyeuawa Karbala, na maiti wetu huingia humo humo kimyakimya. Kwa hiyo Shangazi alikuwa anamwimba Bibi Zainab, dada wa Hussein, aliyesimama jangwani juu ya mwili wa kaka yake. Ndugu yangu, alikuwa anasema kwa Kikachi, ndugu yangu, na kila akisema kiganja kinatua. Hakupiga kwa fujo. Alipiga sawasawa, kama alivyonifundisha. Nilipomzunguka akaniona, aliacha mara moja, akavuta mtandio, lakini nilikuwa nimeshaona juu ya ukosi wa gauni, nyama imevilia, mahali pengine nyeusi, mahali pengine imeanza kuwa manjano ya siku nyingi. "Nilikuwa nafua," akasema. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote ya msamaha yamepangwa. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nikajipiga. Nikajipiga tena, na mara ya tatu nikasikia sauti ya mnyama, na kumbe ni yangu, namwita baba. Shangazi akanishika. Halafu akaniachia, akasimama kando yangu bega kwa bega, akaanza upya wimbo wa Bibi Zainab kutoka mwanzo, tukapiga pamoja mpaka mashine zikamaliza mzunguko wao na kunyamaza moja moja.

Hatukuzungumza juu yake baada ya hapo. Nilirudi kwenye kochi langu. Kwa Profesa niliendelea mpaka kitenzi kikaisha, na nilipomsimulia, hakutoa kalamu wala hakuuliza swali. Aliketi, mtu ambaye alikuwa haketi. Lakini pale chini, nikiwa nimeegemea mashine yenye moto, niliapa jambo moja, na Shangazi alinisikia. Niliapa kwamba sitamficha mtu msiba, na sitakubali mtu ajifiche na mashuka masafi kwa ajili yangu. "Utaona," akanijibu, akiwa anapangusa uso kwa foronya. Nilikasirika kidogo. Nilidhani ananidharau.

Mwezi uliopita, siku ya pili baada ya ujumbe wa Abbas, tulimwosha Shangazi, mimi na wenzangu wanne, kisha akazikwa, kisha nikalala kwa mchana mzima. Niliamshwa na simu ya Tanga. Katika ndugu wale wa baba amebaki mmoja tu, dada yao mkubwa, Shangazi Sugra, ambaye hatoki tena kitandani, na aliyepiga ni binti yake Nargis. Alikuwa ananong'ona. Mama hajaambiwa, akasema. Daktari amekataza, moyo wake ni wa kushikilia kwa vidole. Wamemwambia Kulsum ana mafua. Nikawaka. Nilimwambia Nargis kwamba ni dhambi, kwamba nimeyaona mambo haya na najua yanakoishia, mama yako si mtoto, mwambieni leo hii. "Mwambie wewe basi," Nargis akasema, na kabla sijajibu nikasikia simu inabadilishwa mikono, na kikohozi, na ile sauti nyembamba ya kale ikiuliza, "Zehra? Zehra mwanangu? Kulsum hajambo? Mbona hanipigii?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno matatu, nimeyashika tayari.

"Hajambo, Shangazi," nikasema. "Amelala."

Nikasikia feni yake ikizunguka. Nikasikia anavuta pumzi ndefu na kuishusha taratibu, kama mtu anayetua mzigo asiotaka uvunjike.

"Haya," akasema. "Mwache alale. Na wewe usimwamshe, usikie? Pumzika mwanangu, sauti yako imechoka."

Nikasema ndiyo. Hakuikata simu, mikono yake haijui tena vile vitufe. Aliilaza tu kitandani, nami nikabaki naye sikioni. Kwanza feni. Halafu, kwa mbali, kiganja kikitua kwenye kifua. Kikakaa. Kikatua tena, polepole, sawasawa, bila sauti yoyote ya mdomo. Nikausikia mlango, na Nargis akiingia kwa haraka.

"Mama! Vipi, kuna nini?"

"Hakuna kitu," Shangazi Sugra akamjibu. "Nimepaliwa tu. Niletee maji."